Mlango wa Ghala la Viazi

Aufunguaye mlango wa ghala ndiye aufungaye. Kanuni hiyo ilijulikana na kila mwanachama wa shamba la Bi Harriet Stowell, huko Vermont penye baridi kali, hata watoto. Wanachama walilipia mafungu yao mapema, kwa bei nafuu, na majira ya baridi walikuja kila Jumamosi kuchukua viazi, karoti na kabichi zilizolimwa bila dawa. Shamba likineemeka, wote walineemeka. Likiharibikiwa, wote walipungukiwa.

Jumamosi moja Delphine Gagnon, msichana wa darasa la sita, alitumwa na mama yake kuchukua fungu lao. Kreti ilikuwa nzito, hivyo aliuzuia mlango kwa gogo usimfungie, akaiburura nje. Rafiki yake Wren alikuwa akimngoja njiani.

"We Delphine, mbona watambaa kama konokono? Bwawa limeganda, wenzetu wanateleza!"

"Nakuja, acha kelele!"

Akaondoka mbio. Gogo likabaki palepale, na baridi ya usiku ule ikaingia ghalani bila kubisha hodi.

Kesho yake wanachama waliitwa. Viazi vilikuwa vimeganda kama mawe. Vikiyeyuka vingekuwa uji mweusi unaonuka.

"Nani aliyeuacha mlango wazi?" Bi Stowell alifoka. Akamgeukia Mzee Alden Pike, ambaye hakuwa na fedha na alilipia fungu lake kwa kazi. "Alden, ghala ni juu yako!"

"Nilifagia jana asubuhi, nikafunga. Mimi baridi naijua, Harriet. Siichezei."

"Mwacheni," mtu mmoja akadhihaki. "Kesho atasahau hata suruali!"

"Nipe ufunguo," alisema Bi Stowell. "Na fungu lako usilifuate tena."

Mzee aliuweka ufunguo juu ya pipa, akaondoka. Delphine, kando ya mama yake, alikodolea macho viatu vyake mwenyewe.

Nyumbani, mama yake alikuwa akikata kabichi kwa hasira. "Yule mzee atakula nini mpaka theluji iyeyuke? Mboga zake zote ni zile!"

"Mama," Delphine alisema, "gogo niliweka mimi."

Kisu kikasimama. "Nawe ukamtazama akitukanwa, umefunga mdomo? Vaa koti!"

Bi Stowell aliwasikiliza mlangoni pa nyumba yake, uso umemwiva.

"Kuusahau mlango ni uzembe, na mzembe hukaripiwa, yakaisha," alisema. "Lakini kumwacha asiye na hatia abebe kosa lako, hilo si kusahau. Hilo ulilichagua. Viazi nitapanda vingine, mtoto. Heshima ya mtu haipandwi kwenye matuta. Nami nilimhukumu mzee bila ushahidi. Twende sote."

Nyumbani kwa Mzee Alden, Bi Stowell alimwomba radhi, akamrudishia ufunguo na fungu lake. Delphine alipofungua kinywa, mzee alimkatiza.

"Maneno baadaye, binti. Kwanza viazi."

Basi kila Jumamosi, wenzake wakiteleza bwawani, Delphine alichambua viazi vilivyooza na kuwapelekea nguruwe, harufu ikimshika hadi nyweleni. Mzee Alden alifanya kazi kando yake bila kumsemesha. Ndoo ya mwisho ilipomwagwa, mzee aliichukua mkononi mwa Delphine.

"Umelipa," alisema. "Ingia ndani, unawe."