Fundi Aliyeficha Kifaa cha Moyo

Ndugu zangu, asubuhi hiyo nyumba ya fundi cherehani ilikuwa shwari. Alikuwa ameshasali, ameketi akipinda suruali ya jirani, kikombe kimoja pembeni. Tangu mkewe afariki, cha pili hakikushuka kabatini. Alipojaribu kusimama, mguu ulikufa ganzi akaanguka chini, suruali ikimfuata.

Jirani aliyesikia kishindo alimpigia simu binti wa mzee, mwalimu anayeishi mbali. Binti akaja mbiombio. Hospitalini, daktari wa mgongo akashuku mshipa umebanwa, akaagiza kipimo cha MRI, ile mashine ya sumaku kali inayopiga picha za ndani ya mwili.

Sasa sikilizeni. Mzee huyu alikuwa na kifaa cha kuusaidia moyo kupiga, kimepandikizwa chini ya bega la kushoto. Siku alipowekewa alilazwa peke yake, akapona peke yake. Kila Ijumaa binti alipopiga simu na kuuliza, "Mzima, baba?" mzee alijibu, "Mzima, mama." Alihofia kwamba binti akijua, angemfungia cherehani na kumhamishia kwake, akae kwenye kochi kama mto.

Mtaalamu wa mashine aliuliza kama mgonjwa ana chuma au kifaa chochote mwilini. Binti akadakia, "Baba? Huyu sindano anayoijua ni ya kushonea tu."

Wakacheka wote, na mzee akacheka nao. Mtaalamu alipomgeukia mwenyewe, alijibu kwamba yu mzima. Mnaona jinsi kicheko kinavyoweza kumziba mtu mdomo?

Akiwa peke yake kwenye kijichumba cha kubadilishia nguo, aligusa ule uvimbe mdogo, akaanza kumwomba Mungu amlinde. Katikati ya dua akanyamaza. Alikuwa anamwomba Mungu afunike uongo ambao angeweza kuufuta mwenyewe.

Akatoka, akafunua bega.

"Mama, sikukwambia."

Mtaalamu aliufunga mlango wa chumba cha mashine. Akaeleza kwa upole kwamba sumaku ingeweza kukivuruga kifaa na moyo ukapoteza mapigo. Kipimo kikaahirishwa hadi wataalamu wa moyo wakichunguze kifaa hicho.

Baba na binti walikaa kwenye benchi la korido.

"Nani alikuwa na wewe siku ulipowekewa?" binti akauliza.

"Mgonjwa wa kitanda cha pili. Alinishikia viatu."

Nafasi iliyokuwa kati yao ingemtosha mtu wa tatu, na ilichukua muda mrefu kabla binti hajasogea karibu na baba yake.

Mafunzo

Ukiwa na kifaa au chuma mwilini, kiwe cha moyo, cha kichwani au cha mfupa, kitaje kabla ya kuingia chumba cha MRI, hata ukiona aibu. Vingine vinaruhusiwa kwa maandalizi, vingine ni hatari. Waache wataalamu waamue. Usimjibie mgonjwa. Na wewe mwenye mzazi anayeishi peke yake, usitosheke na "mzima". Uliza tena, kisha usikilize. Mungu atupe masikio ya kuwasikia wetu wangali hai.