Chupa Yenye Jina la Binti

Asubuhi ya tatu ya ziara, maji ya chupa namba kumi na saba yalikuwa yameongezeka. Kifuniko kilikuwa kimekazwa na utepe haukuguswa, lakini maji yaliyoachwa nusu ya chupa jana yake sasa yalikaribia shingo, na meza nzima ya bweni ilinuka tope la zamani.

Mwalimu wa sayansi, ambaye wanafunzi walimwita Maabara kisogoni, aliyatazama na kutoa maelezo hapo hapo.

"Joto hilo," alisema. "Nchi hizi za joto kila kitu kinavimba."

Kama kuna kilichokuwa kimevimba pale ni kichwa chake. Alikuwa amewaleta wanafunzi ishirini na wawili kwa ndege waje kusoma misitu na maji ya nchi ya watu, na tangu washuke hakuona kitu asichokibeza: barabara, vitanda, chai, watu. Hasa watu.

Mpishi wa hosteli, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alikuwa amewaonya kuhusu kisima cha nyuma ya jiko. Maji yake yalichotwa pale tu penye shida, tena kimya kimya.

"Pale hatutaji jina la mtu," aliwaambia. "Kuna anayesikiliza. Akishapewa jina, anamfuata mwenye jina."

Maabara alicheka mpaka akashika mbavu. "Mmeisikia elimu ya jikoni?" Kisha akataka mmoja achote sampuli ya kumi na saba. Wanafunzi wote wakainamisha vichwa. Ndipo akamwita binti yake wa kumzaa, wa miaka kumi na minne, akamsimamisha ukingoni mwa kisima ili awatie wenzake aibu, na chupa ilipofika nusu akamkabidhi kalamu.

"Baba, hii tusiiandike," binti alinong'ona.

"Hapa mimi si baba, ni mwalimu. Sampuli isiyo na jina haina maksi. Andika, tena usome kwa sauti."

Binti akaandika majina yake matatu kwenye lebo, akayasoma. Kisima kikayarudia, ila jina la tatu kilimaliza kulitaja kabla yake. Wanafunzi walisikia. Maabara alikuwa ameshawapa mgongo, anafuta miwani.

Sasa, saa sita mchana siku ile ya tatu, msichana aliyelala kitanda cha jirani na binti alimfuata mwalimu kwenye korido.

"Mwalimu, anakunywa maji tangu alfajiri. Amemaliza ndoo ya kuogea."

"Ana kiu. Ndiyo sayansi hiyo."

"Na nikimwita anaitika mara mbili." Msichana alipunguza sauti. "Kwanza yeye. Halafu mwingine."

"Ujinga unaambukiza kuliko mafua," Maabara alimjibu, akaenda bwenini kwa hatua za mtu anayekwenda kukosoa madaftari.

Jua lilikuwa limejaa chumbani, hakukuwa na giza la kusingizia, na binti alikuwa amekaa kitandani ameukabili ukuta, nywele zikimchuruzika maji ingawa hakuoga. Sakafuni kulikuwa na nyayo mbichi, pana kuliko za mtu yeyote wa msafara ule, zilizoingia kutoka mlangoni hadi kitandani bila hata moja ya kurudi, na Maabara alipofungua mdomo kumwita mwanawe kwa jina, jina likatoka ukutani kabla hajalitamka, kwa sauti yake yeye mwenyewe, kwa dharau yake ile ile, nayo harufu ya tope ikampanda puani mpaka akahisi kuzama akiwa amesimama pakavu. Aliogopa. Akaikwapua chupa na kukimbilia jikoni.

"Mama," alihema. Siku zote tatu alikuwa akimwita "wewe". "Mama yangu, nisaidie."

Mpishi aliipokea chupa, akaiangalia kwenye mwanga. Maji yalikuwa yamebakiza upana wa kidole.

"Yakifika mdomoni, mtoto si wako tena. Irudishe kisimani sasa hivi. Lakini hapokei mpaka jina hili likatwe na liandikwe la mtu mwingine aliye hapa."

"La nani?"

"Unaniuliza mimi? Si ulisema ni upuuzi? Wino tu huo, baba. Andika."

Maabara alilikata jina la binti, mistari miwili iliyonyooka. Kisha kalamu ikasimama. Bingwa wa kucheka hofu za wenzake alitokwa jasho juu ya kikaratasi kisichozidi kidole gumba. Macho yakamtembea jikoni, yakapita kwenye masufuria, yakatua kwa mpishi.

"Kwani wewe," aliuliza kwa upole wa ghafla, "unaitwa nani?"

"Siku tatu unakula mikononi mwangu, leo ndiyo unauliza jina langu." Mpishi akaweka chupa mezani na kunawa mikono.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote, na sauti iliyotoka ilikuwa yake peke yake.

"Baba, andika la kwako."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Ngoja tufikiri."

Maji yakafika mdomoni. Kifuniko kikajifungua taratibu, kikadondoka, na binti akatabasamu tabasamu pana la mtu aliyepata nyumba.

Siku iliyofuata waliondoka. Ndani ya ndege wanafunzi wote walijibana viti vya nyuma. Kwenye uwanja wa ndege wa nyumbani mama yake binti alikuja mbio, akamkumbatia mwanawe kwa nguvu, kisha akamwachia na kuitazama mikono yake iliyolowa.

"Baba watoto," alisema polepole, "huyu uliyeniletea ni nani?"

"Ni mwanao," alisema Maabara, akarudi nyuma hatua mbili, mkewe abaki katikati.