Kibali kwa Jina Langu

Seremala alistaafu, lakini mikono yake ilikataa kustaafu. Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, alikuwa ameshakaza bawaba ya mlango au kupiga msasa mguu wa stuli. Mkewe alikuwa mkunga wa zahanati tangu ujana wake hadi alipostaafu, na watu wote walimwita Mkunga.

"Hiyo stuli utaipiga msasa mpaka iwe kijiti cha kuchokolea meno," Mkunga alimtania.

"Afadhali mimi. Wewe ukiona mjamzito njiani, unamhesabia miezi kabla hujamsalimu."

Binti yao wa pekee aliolewa ughaibuni. Huko ndiko alikofanya kazi, na huko ndiko alikozaa. Kila alipopiga simu, wimbo ulikuwa mmoja: "Baba, Mama, njooni mkae nasi. Huo uzee mtauleaje peke yenu?"

Wazee walitamani kwenda. Wajukuu waliwajua kwa sura za kwenye simu tu.

Jioni moja Seremala aliingia jikoni akitabasamu. "Mke wangu, nimempata mnunuzi wa nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Hii hii."

Mkunga aliweka sufuria chini. "Na sisi?"

"Sisi tunaondoka! Wakala wa safari ameniambia viza ya matembezi haichelewi. Tukifika, tumefika. Nani atawatoa wazee wawili nyumbani kwa mtoto wao? Baadaye tutaomba uraia, yaishe."

Mkunga alirudisha sufuria mekoni. Kazi yake ilimfundisha kwamba mtoto akivutwa kabla ya wakati, huumia yeye na mama yake pia. Usiku ule alijigeuza kitandani, usingizi ukampaa.

Kulipokucha alikwenda kwa jirani yake, Bi Miwani. Jina hilo alipewa kwa sababu kila siku alitafuta miwani iliyokuwa kichwani pake. Mama huyu aliishi ughaibuni miaka mingi na mumewe, kisha akarudi peke yake. Siku zote Mkunga alidhani alirudi kwa kukumbuka kwao.

"Shoga yangu," Mkunga alianza, "wewe kule ulikaa kwa viza gani?"

Bi Miwani aliacha kupepeta mchele. "Mume wangu alipata kazi. Kibali cha kuishi kilikuwa chake. Mimi niliandikwa tegemezi wake. Alipofariki, kibali changu kikaenda naye. Machozi hayajanikauka, naulizwa ninaishi pale kwa haki gani."

"Kumbe hukurudi kwa kupenda?"

"Nilirudi kwa kutojua. Baadaye nikasikia kulikuwa na njia ya mjane kuombea kibali chake mwenyewe. Lakini muda wa kuomba ulikuwa umepita. Sikuuliza mapema."

Mkunga alimshika mkono. Kisha akamweleza habari ya wakala na mnunuzi wa nyumba.

"Hapana!" Bi Miwani alisema. "Viza ya matembezi ni ya mgeni, na mgeni huaga. Mkipitisha muda, mnaweza kurudishwa na kuzuiwa kuingia tena. Halafu mtarudi nyumba ipi, na mmeshaiuza?"

"Sasa mzazi afanyeje?"

"Aombe kibali cha ukaazi. Hicho ni kama kupanga nyumba. Unakaa kihalali, lakini kina muda na kina masharti. Nchi nyingine huwapa wastaafu wenye pensheni. Nyingine huwapa wazazi wa mtu anayeishi kule. Nyingine hazitoi kabisa. Ukikaa miaka wanayotaka, huenda ukaomba ukaazi wa kudumu."

"Na uraia?"

"Uraia ndio kuwa mwenye nyumba. Unapiga kura, unapata pasipoti yao. Ila zipo nchi zisizokubali mtu awe na uraia wa nchi mbili. Ukishika wa kule, wa hapa unaweza kukuponyoka. Uliza nchi zote mbili, maana moja ikikubali, nyingine inaweza kukataa."

Hodi ilibishwa mlangoni. Alikuwa Seremala, akimtafuta mkewe.

"Naona nimeshawekwa kiti moto," alisema alipowaona wanamkazia macho.

"Kaa, shemeji," Bi Miwani alimwambia. "Nina swali moja tu. Ukitangulia wewe, Mungu apishilie mbali, huyu mkeo atabaki kule kwa kibali cha nani?"

Seremala alivuta kiti, akaketi. Mambo yote alikuwa ameyafikiria: mizigo, nauli, hata vifaa vyake vya kazi. Hilo hakuwa amelifikiria hata mara moja. Alimtazama mkewe, na mkewe akatazama chini.

"Ngoja nimpigie yule mnunuzi," alisema kwa sauti ndogo. "Nimwambie nyumba haiuzwi."

Wiki ile ile walikwenda pamoja ofisi ya uhamiaji, kisha ubalozi wa nchi aliyoishi binti yao. Ofisa wa ubalozi aliwaeleza taratibu. Nchi yake ilikuwa na kibali cha wazazi. Binti angewadhamini, nao wangehitaji bima ya afya.

"Mimi na mume wangu tutakuwa na kibali kimoja?" Mkunga aliuliza.

"Swali zuri, mama. Mnaweza kuomba kila mmoja kwa jina lake, kwa kuwa nyote ni wazazi wake. Fanyeni hivyo. Na kanuni hubadilika, kwa hiyo ulizeni hapa kila mara, si mitaani."

Walipita pia ofisi ya pensheni. Huko waliambiwa kwamba mstaafu aliye nje lazima athibitishe kila mwaka kuwa yu hai, la sivyo malipo yatasimamishwa.

"Nithibitishe kuwa niko hai?" Seremala alishangaa. "Huyu mke anavyolalamikia mkoromo wangu, haitoshi?"

Walisubiri miezi mingi. Seremala alinung'unika, lakini alisubiri. Nyumba waliipangisha kwa mwalimu na familia yake. Suala la uraia waliliacha, maana sheria ya kwao haikuruhusu uraia wa nchi mbili, nao hawakutaka kuupoteza wa nyumbani. Hatimaye vibali vilitoka, viwili, kila kimoja na jina lake.

Maisha ya ughaibuni yaliwapokea polepole. Seremala alirekebisha makabati yote ya binti yake, hata yaliyokuwa mazima. Mkunga aliwaogesha wajukuu na kuwafundisha maneno ya kwao.

Mwaka wa pili, dada yake Mkunga aliugua. Mkunga alisafiri peke yake kurudi nyumbani, akamuuguza mpaka akaweza kutembea. Hakuwa na wasiwasi wa kufungiwa mlango nyuma yake. Kabla ya kuondoka alihakikisha anaruhusiwa kukaa nje muda ule.

Aliporudi kwa mwanawe, kijana wa uhamiaji pale uwanja wa ndege alitazama pasipoti yake, kisha akatazama nyuma ya Mkunga kama anayemtafuta mtu.

"Bibi, umefuatana na nani?"

"Nimejifuata mwenyewe."

"Unaishi hapa kwa kibali cha nani?"

Mkunga alijinyoosha, mkoba kifuani.

"Changu," alisema.

Kijana akagonga muhuri. Mkunga akapita.