Bitana ya Mkoba wa Mogesi

Haya yalimpata mama yangu mkubwa, Mokami, kule Nyarero, mwaka uliofuata baada ya watu kuhamishwa kutoka miji yao ya zamani na kupangwa kwenye kijiji cha ujamaa. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Aliyenisimulia ni binti yake, Nyangi. Yeye yalimpata mwilini, na si mtu wa kuongeza chumvi.

Mama Mokami alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa mikoba. Miaka ile dukani hupati hata sukari, sembuse mkoba wa ngozi. Lakini wanawake waliowahi kufuata waume zao kwenye mashamba ya chai huko Kericho walirudi na mikoba waliyopewa na wake za wazungu. Ilikuwa imezeeka. Imekakamaa, imeota ukungu, mikanda imekatika. Wote walimpelekea yeye, kwa sababu aliwahi kufanya kazi kwa masista wa misheni na huko ndiko alikojifunza ngozi inavyotunzwa.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza brashi ya viatu, kuondoa vumbi. Kisha kitambaa chenye povu kidogo la sabuni ya mche, maana ngozi ikinywa maji mengi inapasuka. Anaanika kivulini. Ikikauka, anaisugua kwa mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa pamoja na nta ya nyuki, anasugua mpaka inalainika kama sikio la ndama. Palipofumuka anashona kwa msharasi, ile sindano nene ya washona viatu.

Asubuhi moja akaja Agustina. Huyu alikuwa mgeni kijijini, ameletwa kutoka Natta kuolewa na mtoto wa mzee Mogesi. Mumewe alifanya kazi kwenye kambi za watalii, kwa hiyo yeye aliishi na baba mkwe. Mkononi alishika mkoba wa kahawia wenye kifungo cha shaba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeutoa wapi huu?"

"Kwenye mji wetu wa zamani, kule kilimani. Nilikwenda kuvunja kuni, nikauona umening'inia darini katika nyumba ya marehemu mama mkwe. Nataka kwenda nao kanisani."

Mama Mokami akaupokea. Mogesi alikuwa ameoa mara tatu, na wake zake wote walikufa, mmoja baada ya mwingine, wakiwa bado na nguvu zao. Watu walikuwa na neno lao juu ya hilo, neno la Kikurya, *omorogi*, yaani mchawi, lakini walilisema wakiwa ndani na mlango umefungwa.

Akaanza kazi. Mkoba ulikuwa umening'inia gizani miaka mingi, hakuna aliyeugusa. Hata hivyo mkanda wake ulikuwa na joto, kama kitu kilichovuliwa begani sasa hivi.

Mchana Nyangi akarudi kutoka kisimani. Alikuwa msichana mkubwa, mcheshi, na ndiye aliyefundisha wazee kusoma kwenye darasa la watu wazima. Akauona mkoba umening'inia kivulini. Akaupachika mkononi, akakunja kiwiko, akatembea uani kwa maringo kama mke wa bwana shamba.

"Hamjambo, wananchi?" alisema, na mama yake akacheka mpaka akashika mbavu.

Nyangi akavua mkoba na kuurudisha pale ulipokuwa. Mkono ukabaki umekunjwa.

Mama aliendelea kucheka. Alidhani bado ni mchezo.

"Mama," Nyangi akasema. "Haunyooki."

Waliukanda kwa maji ya moto. Waliuvuta. Ulikuwa mgumu kama mpini. Jioni kwenye ngozi ya mkono kukatokea mstari mpana wa mkanda, umedidimia, kama wa mtu aliyebeba mzigo tangu alfajiri. Nyangi akawa analala upande mmoja na kulalamika.

"Umetia nini kwenye ule mkoba, mama? Unazidi kuwa mzito."

Mkoba ulikuwa ukutani, upande wa pili wa nyumba. Ulikuwa mtupu.

Kesho yake Mama Mokami akauchukua auchunguze. Aliweka ncha ya msharasi kwenye mshono wa bitana, ile nguo ya ndani, akachoma kidogo tu. Chumbani Nyangi akapiga yowe. Mama akakimbia. Binti ameshika ubavu, na kati ya vidole vyake kuna tone moja la damu.

Jua likiwa utosini, mzee Mogesi akabisha hodi. Hakuwa ameambiwa na mtu. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akautazama mkoba.

"Umeng'aa," alisema. "Una mkono mzuri, Mokami."

"Shikamoo, mzee. Binti yangu anaumwa."

"Najua. Ule mkoba unataka mke wa kuubeba. Umekaa sana bila mtu." Alizungumza taratibu, kama anayeulizia mvua. "Nje safisha unavyotaka. Ndani usiguse. Mlete binti kwangu na mkono utanyooka. Ng'ombe nitatoa, wala sitabishana."

"Na nisipomleta?"

"Utazidi kuwa mzito."

Hakusema ni nani au ni nini kitakachozidi kuwa kizito. Akaondoka. Kigoda alichokalia kilikuwa kimelowa.

Jioni ile akaja shemeji yake, Kornelio, kaka wa marehemu mumewe. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti kubwa, lakini siku hiyo alinong'ona.

"Shemeji, mpe. Atapona. Ukikataa atakufa kama wale wengine, halafu atatugeukia sisi."

"Wale wengine walipewa, Kornelio," Mama Mokami akajibu. "Wote walitolewa mahari, wakapigiwa vigelegele, wakaenda. Sasa wako wapi?"

Kornelio akainuka ili aende zake.

"Binti yangu haendi. Kama huo mkoba unataka mtu, utanikuta mimi."

Usiku hakulala. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kitambaa mkononi, akijua kwamba kukata bitana ile ni kumkata mtoto wake, na kutokuikata ni kumwacha aende taratibu. Alfajiri Nyangi mwenyewe ndiye aliyesema.

"Mama. Kata."

"Itakuuma, mwanangu."

"Inaniuma sasa hivi. Kata, lakini usinikatie humu ndani kama tunaiba. Kata watu wakiona."

Siku hiyo ilikuwa zamu ya kijiji kizima kwenye shamba la ujamaa. Palilia ya mahindi. Hata wazee wasiolima walikuja kukaa kando, na Mogesi alikuwepo, ameegemea fimbo. Jua lilikuwa kali, hakuna wingu. Watu wakamwona Mama Mokami akija katikati ya matuta, mkoba wa kahawia begani, wembe mkononi, na nyuma yake Nyangi anajikokota, mkono mmoja umekunjwa. Majembe yakasimama.

Akatandika khanga chini. Akaweka mkoba juu yake.

"Huu ni mkoba wa nyumba ya Mogesi," akasema kwa sauti. "Umemshika mwanangu. Mimi ni fundi, na kazi ya fundi ni kufungua. Anayeogopa aondoke."

Waliogopa wote. Hakuondoka mtu.

"Mokami," Mogesi akasema kutoka kando. "Acha."

Nyangi akajipachika upindo wa khanga yake mdomoni, akauma. Mama akakata.

Wembe ulipopita kwenye mshono, mstari mwekundu ukajichora ubavuni mwa Nyangi, ukaloweka gauni. Hakupiga kelele. Meno yake yalisikika yakisagana. Mama machozi yanamtoka, lakini anaendelea kukata. Uzi wa mshono ule ulikuwa mkuukuu, umeoza kwa umri, unakatika kama majani makavu. Bitana ikafunguka.

Ndani mlikuwa na mafundo ya nywele. Nywele za wanawake, zimesokotwa, na kila fundo limefungiwa ndani yake kipande cha nguo.

Bibi mmoja, Wankuru, akasogea akiwa amepinda mgongo. Akaokota fundo moja, akaligeuza, akaliangusha.

"Hii ni kaniki ya Ghati, mke wake wa kwanza," alinong'ona. "Mimi ndiye niliyemvika. Tulimzika nayo."

Mwanamke mwingine akatambua kipande cha pili. Cha Robi, mke wa pili. Naye alizikwa nacho. Cha tatu kilikuwa cha mama mkwe wa Agustina, naye Agustina akaketi chini palepale kwenye tuta.

Fundo la mwisho lilikuwa jipya. Nywele zake bado zilinuka mafuta. Nguo yake ilikuwa ya maua ya bluu.

Nyangi akatazama pindo la gauni alilovaa. Maua ya bluu. Pembeni palikosekana kipande, kidogo, kama ukucha.

Hakuna aliyefungua bitana ile tangu iliposhonwa. Uzi ulikuwa umeoza kwa umri.

"Acha, nakwambia," Mogesi akasema tena. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ghati," Mama Mokami akaita, na akafungua fundo la kwanza. "Amka, dada. Nenda zako."

Mahindi hayakutikisika. Kidole kimoja cha Nyangi kikanyooka.

"Robi. Nenda zako."

Mogesi akakaa chini.

"Na wewe mama wa nyumba ile. Nenda."

Akafika kwenye fundo la maua ya bluu. Lilikuwa limekazwa sana. Kucha zilishindwa. Akalifungua kwa meno, akatema nywele chini, na mkono wa Nyangi ukaanguka ubavuni mwake, ukaning'inia, ukawa mkono tena. Msichana akalia kwa sauti kubwa, kilio cha hasira, akamtazama mzee usoni.

"Mimi siolewi na mtu kwa fundo," akasema.

Vijana wakaanza kumsogelea Mogesi, majembe yameinuliwa. Mama Mokami akasimama katikati.

"Mkimwua atakuwa wenu, atawaandama. Mwacheni aende akiwa wake mwenyewe."

Mogesi akainuka kwa shida. Alikuwa amezeeka pale pale alipokaa. Alipompita Mama Mokami alisimama, akamwambia kwa sauti ndogo, na Nyangi akasikia: "Hawana pa kwenda. Watakufuata wewe."

"Wanifuate," Mama Mokami akajibu. "Kwangu hawatafungwa."

Mzee akashika njia ya kuelekea Sirari, mpakani, na hakuonekana tena, upande huu wala upande wa Kenya. Nashoni, mwanawe, alikuja kumchukua mkewe Agustina, wakahamia Natta. Mkoba hawakuutaka.

Wote walimwambia auchome. Kornelio alileta mpaka mafuta ya taa. Kanisani wakamshauri autupe mtoni. Mama Mokami akawasikiliza, akawashukuru, akarudi nyumbani na kukaa mlangoni na msharasi wake. Akatia bitana mpya, ya kitambaa cheupe. Akasugua ngozi kwa mafuta na nta mpaka ikatoa mng'ao. Akang'arisha kifungo cha shaba kwa jivu.

"Ngozi haina kosa," alisema. "Hao wanawake waliubeba kwa kulazimishwa. Acha nami niubebe kwa kupenda."

Jumapili akaenda nao ibadani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ilikuwa tope tupu. Mama alitangulia, mkoba begani, kichwa juu. Waliomkuta njiani walimpisha. Nyangi alikuwa akifuata nyuma kidogo, akichagua pa kukanyaga, ndipo alipoona.

Nyayo za viatu vya mama yake zilikuwa wazi kwenye tope. Kando yake kulikuwa na nyayo nyingine. Za miguu mitupu, miembamba, ya wanawake. Zilikwenda sambamba na za mama, hatua kwa hatua, na maji yalikuwa bado yanajaa kwenye visigino.

Kando ya mama hapakuwa na mtu.

Wakaingia kanisani. Sakafu ilikuwa ya saruji, imefagiliwa, kavu. Mama akaenda kwenye benchi lake. Nyayo zilizolowa zikatoka mlangoni, zikapita katikati ya watu, zikafika kwenye benchi lile lile, zikaishia hapo.

Nyangi akaketi. Akamwinamia mama yake.

"Mama. Sakafuni."

Mama Mokami hakugeuka. Alikuwa ameshafungua kitabu cha nyimbo.

"Nimeziona," akasema. "Sogea kidogo, wapate pa kukaa."