Ubao wa Saba

Viwavi walikuwa wameacha kula tangu Jumatatu, lakini sauti ya kutafuna haikukoma.

Tenri aliisikia akiwa amejilaza na mtoto kwenye sakafu ya mianzi, mchana kweupe, jua limesimama juu ya mji wa Sengkang. Chakacha, chakacha, kutoka chini ya nyumba, pale kati ya nguzo zinazoibeba, kama mvua juu ya majani makavu. Kiwavi wa hariri akianza kutema uzi hali tena, hilo hata mtoto wa darasa la kwanza huku analijua. Basi nani anakula? Na anakula nini, majani ya mforosadi si yamekwisha?

Kisha ikaja harufu. Ndizi zilizoiva kupita kiasi, na moshi wa ubani. Na hakuna aliyetundika ndizi mle ndani.

"Daeng, unasikia?" alimwuliza mumewe, Upe, kwa jina la heshima, kwa sauti ya chini.

Upe hakuinua kichwa. Alikuwa anatia vitambaa vyeupe kwenye pakiti. "Nasikia mke wangu anatafuta sababu ya kutoosha vyombo."

Upe alikuwa mvumbuzi, na si neno la kumpamba. Hataza yake ilitundikwa ukutani ndani ya fremu, na mhuri wa serikali, kwamba njia hii ni yake: kumlaza kiwavi juu ya ubao mtupu, asipate pembe ya kuanzia kifuko chake. Anazunguka, anatafuta, hapati, mwisho anaumwaga uzi wote palepale mpaka unakuwa shuka jembamba. Shuka hilo likichemshwa linabandikwa kwenye jeraha la moto, na jeraha linafunga bila kovu. Hospitali moja Makassar ilikuwa inalijaribu. Shida ilikuwa mbao. Kwenye mbao za dukani viwavi walianguka wakafa. Ndipo Upe alipoichukua nguzo ya kitovu ya nyumba ya marehemu bibi yake, ile ya katikati, inayosimamishwa kabla ya zote na kutundikiwa ndizi, akaipasua mbao saba.

Mama yake, Indo Wero, alilia siku ile akijipiga kifua. "Nyumba ukiivunja, nguzo hiyo unaihamishia nyumba mpya! Roho mwenye nyumba yumo humo ndani. Sasa utamlaza wapi?"

"Mama, mti ni mti."

Na viwavi walizipenda mbao zile. Sita zikabaki chini ya nyumba, ubao wa saba akaupeleka Jakarta kama sampuli.

Wa kwanza kudhurika alikuwa Lamakka, binamu yake Upe. Maji ya kuchemshia hariri yalimuunguza mkono, Upe akambandika shuka. Siku ya tatu akapanda ngazi mbio, macho yamemtoka.

"Shemeji, kata! Kata hiki kitu!" akamlilia Tenri.

Mkono ulikuwa mweupe, mnene kama mto wa kulalia, toka vidoleni hadi kwenye kiwiko, na weupe ule ulikuwa unatembea. Upe akaleta mkasi. Alipogusa uzi mmoja tu, shuka likajikaza, mkono ukalia kah! kama kuni kavu, kisha kah! tena, kidole kimoja kimoja, Lamakka anapiga yowe, damu inachuruzika juu ya hariri bila kuilowesha, inapenya kati ya mianzi, inadondoka chini. Na huko chini kutafuna kukanyamaza, kitu kikameza, kisha kutafuna kukaendelea.

Hariri ilipomwachia, iliondoka na mkono ndani yake.

Majirani wakambeba kumkimbiza hospitali. Indo Wero akaenda kumwita mganga, Sanro Hapi. Tenri yeye alimrukia mwanawe, Bau, wa siku kumi na mbili, akamkumbatia, na hapo kiganja chake kikagusa kitu laini tumboni.

"Daeng," alinong'ona. "Umemwekea nini mwanangu?"

"Kitovu kilikuwa kinatoa maji. Kipande kidogo tu, Tenri. Nikasema kikauke haraka."

Tenri akafunua nguo, akaona nyuzi, si moja si mbili, zimetoka kitovuni zimeshuka kati ya mianzi hadi chini kwenye mbao, zimekazwa kama nyuzi za kitanda cha mfumaji, na kila mtoto anapovuta pumzi zinavutwa naye, na kila anapoitoa zinamrudisha sakafuni, kila mara chini zaidi, mpaka mianzi imeanza kumchora mgongoni.

Sanro Hapi alipofika alinusa, akakataa kuketi. "Hapa hakuna wa kufukuzwa. Huyu ndiye mwenye nyumba. Mmempasulia kitovu chake, amepata kingine."

Tenri hakungoja. Alichukua panga, akashuka, akaupiga ubao wa kwanza kwa nguvu zake zote. Juu mtoto akapiga kelele ambayo hajapata kuipiga.

"Acha!" Indo Wero akalia. "Acha, mwanangu, umemkata mtoto! Ubavuni!"

Panga likamponyoka Tenri.

"Ziunganishwe," akasema Sanro. "Ziwe nguzo tena, zisimame chini ya katikati ya nyumba. Zote saba. Leo hii."

"Zipo sita," Upe akasema.

"Wa saba uko wapi?"

"Jakarta."

Sanro akachukua kamba.

Walizisimamisha hizo sita, wakazifunga kwa kamba, na ubavuni pakabaki pengo, upana wa kifua cha mtu. Nyuzi zikaanza kulizunguka pengo zikitafuta, hazipati, zikirudi juu kwa mtoto. Juu pakawa kimya. Kisha Indo Wero akasema polepole, "Anakuwa wa bluu."

Upe akamtazama mkewe. "Panda juu kwa mtoto. Usiangalie."

Tenri aliangalia. Alimwona akiingia kwenye pengo mgongo mbele, akijibana, na nyuzi zote zikamgeukia kwa pamoja, zikamwingia kinywani hata jina la mwanawe asilimalize, mbavu zikapasuka moja baada ya nyingine kwa utaratibu, kama mtu anayepiga misumari, mpaka hapakuwa na pengo tena.

Kitambaa kikadondoka kutoka tumboni mwa Bau. Akalia. Akanyonya.

Siku ya tisa mtu wa vifurushi alileta kitu kirefu kilichofungwa kwa karatasi, na barua: sampuli yako tunairudisha, asante. Tenri alishuka ngazi mbio, mtoto kifuani, ubao kwapani, anacheka na kulia pamoja. Ubao wako huo! Chukua wako, nirudishie mume wangu! Akaanza kukata hariri iliyoizunguka nguzo, kila pigo akimtazama mtoto, na mtoto kimya, salama, akakata, akakata, akaifunua.

Mti mtupu. Mbao saba zimeshikana, hakuna hata upenyo wa kupitisha ukucha. Kwenye ule wa saba, mahali pa kitovu, palikuwa na kifundo, na kando yake pete ya ndoa iliyomezwa nusu na mti.

Hapakuwa na nafasi tena ya ubao mwingine.

Ubao uliokuwa kwapani mwake ukaanza kupata joto, na ndani yake kitu kikaanza kutafuna. Chakacha. Chakacha. Bau akaacha kunyonya, akageuza uso, akausikiliza.