Maziwa Kwenye Kabati la Seli

Ilianza na harufu ya maziwa mabichi ndani ya kabati la joto la maabara, mahali ambapo maziwa hayajawahi kuingia hata tone.

Mwenye kabati alikuwa binti anayesomea udaktari. Si ule wa sindano, jamani, ule wa vitabu: kazi yake kukuza seli za kiwele cha mbuzi kwenye visahani. Miaka mitano anazilisha, na kila zikifika siku ya tatu zinakufa. Mwisho profesa akachoka. "Ijumaa nisipoona seli hai, funga virago."

Binti alilia mpaka kamasi. Akaegemea mlango wa kabati akasema maneno ambayo mwenye akili zake hasemi mbele ya chuma: "Yeyote unayenisikia, nilelee hizi. Mwanao nitakulelea mimi."

Kesho yake visahani vimejaa, seli zimebanana kama watu sokoni. Na harufu ile.

Jumatano, mchana kweupe, akasikia kabatini kitu kinanyonya. Nyu, nyu, nyu. Akafungua, kimya. Akafunga, nyu, nyu.

"Hongera, dada!" mfagizi akamwambia mlangoni. "Mbona ulituficha? Baba ni nani?"

"Baba wa nini?"

Mfagizi akamnyooshea kidole kifuani. Koti jeupe limelowa, kushoto na kulia. Na mimba binti yule hajawahi kuibeba hata ndotoni! Kufika saa saba jengo zima lina habari.

Alhamisi akamwita maabara shangazi yake, mganga. Shangazi alinusa mara moja tu akarudi nyuma.

"Umemwahidi jini kumlelea," akanong'ona. "Futa ahadi kwa mdomo wako, ataondoka."

"Na seli?"

"Zitakufa."

"Shangazi, kesho ni Ijumaa."

"Mwehu wewe! Mtoto wa jini hashibi. Maziwa yakiisha atanyonya damu, damu ikiisha…"

Binti akafungua kabati, akaviangalia visahani vyake vilivyo hai, akaikumbuka miaka mitano ya kulala njaa na kuwadanganya wazazi kwamba amekaribia kumaliza, na mle ndani, kwenye rafu ya chini palipo patupu, kitu kisichoonekana kikaanza kulia, sauti nyembamba, ya njaa, inapanda, inapanda, mpaka kifua chake kikajibu chenyewe kwa kuchuruzika.

"Shangazi," akasema taratibu, "geukia ukutani."

Akaanza kufungua vifungo vya koti.