Bwana Mshauri, Unanipenda au Uko Kazini?

"Leo nimejifunza mengi sana kwako. Kesho tukae tena, tafadhali."

Maneno hayo niliambiwa mimi, Radwa, jana yake tu. Nililala nayo, nikaamka nayo, na asubuhi nikapaka wanja kwa ajili yake. Sasa nayasikia tena, kwa sauti ileile na tabasamu lilelile, anaambiwa Mhandisi Fathi! Fathi mwenye upara na wajukuu, anayenuka kitunguu tangu alipokula taamiya, bajia zake za asubuhi.

Na Fathi naye kacheka hadi mashavu yameiva.

Nikachukua glasi yangu ya chai nikatoka zangu roshani. Shaimaa, shoga yangu wa meza ya jirani, akanifuata mbio.

"We Radwa, una nini? Umeona jini?"

"Amemwambia Fathi."

"Nani kamwambia nini?"

"Moataz, yule mshauri. Kampa Fathi maneno yangu."

Shaimaa akacheka hadi akashika ukuta.

"Yalahwi! Yaani umefika pa kumwonea wivu Fathi?"

Chekeni na nyinyi, lakini mngekuwa mimi mngefanyaje?

Kampuni yetu hapa Kairo inasambaza vifurushi, na mfumo wake wa kompyuta ulikuwa umechakaa, kifurushi cha mji wa Giza kinapelekwa mji wa Tanta. Wakubwa wakaita washauri wa nje. Sisi wahandisi wa ndani tukanuna. Fathi akatangaza, "Hawa wamekuja kutufukuza kazi, fungeni virago." Tukangoja waingie na dharau zao, waandike programu mpya, watuache tumekaa kama mapambo.

Kumbe wapi! Walivuta viti wakakaa nasi, watu wawili kompyuta moja, mmoja wa nje na mmoja wa ndani. Huyu anaandika, yule anafikiri, kisha mnabadilishana. Siku ya kwanza Moataz, kijana mrefu mwenye miwani, alinisogezea kibodi akasema, "Siku mtakapoweza bila sisi ndiyo siku kazi yetu imekwisha. Sasa niambie, wewe unaonaje?"

Jamani! Tangu nizaliwe, nani aliwahi kuniuliza naonaje? Bosi wangu hakuniuliza. Baba yangu alibadilisha mapazia ya chumba changu bila kuniuliza. Huyu akauliza, akanyamaza, akasikiliza hadi mwisho. Akikosea anasema, "Samahani, wewe ndiye uliyepatia." Akienda kuagiza chai, yangu inakuja bila sukari, na sikuwahi kumwambia. Nikayeyuka. Sina haja ya kuficha, nilimpenda mtu yule hadi nikawa naharibu programu makusudi ili tukae pamoja kuitengeneza.

Na sasa Fathi!

Simu ikalia palepale roshani. Mama mdogo Ilham, mdogo wake marehemu mama yangu.

"Radwa, yule daktari wa meno anataka kuja Ijumaa baada ya alasiri. Ana nyumba, ana gari, na mama yake si mtu wa maneno. Nimjibu nini?"

"Nipe siku mbili, mama mdogo."

"Za nini? Kuna mtu?"

Hapo ndipo penyewe. Kuna mtu, au hakuna? Ningejibuje na mimi mwenyewe sijui?

Nikamvizia Moataz karibu na lifti.

"Nina swali."

"Karibu, bashmuhandisa," akasema, kama anavyomwita kila mhandisi wa kike.

"Ulichomwambia Fathi ndicho ulichoniambia mimi. Neno kwa neno."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ni utaratibu wetu wa kazi, Radwa. Ukimaliza kukaa na mtu, unamshukuru."

"Na kuniuliza naonaje?"

"Utaratibu. Usimnyang'anye mtu kibodi, muulize, msikilize. Tunafundishwa."

"Na kunitazama vile ninapoongea?"

Akabonyeza kitufe cha lifti.

"Na chai bila sukari? Nayo mmefundishwa?"

"Hapana. Yaani... wanasema mjue mtu unayekaa naye. Lakini sukari... sijui."

"Hujui nini?"

"Nimefanya kazi hii miaka mingi, katika kampuni nyingi. Kila mahali nawasikiliza watu, nawashukuru, wananipenda, kisha naondoka. Na wewe... kusema kweli sijui. Nachanganyikiwa."

"Basi nenda ukajichanganue! Mimi si mfumo wa kujaribia!"

Nikaingia kwenye lifti, milango ikajifunga, ndipo nikakumbuka kwamba mkoba wangu umebaki juu. Nikapanda tena na hasira zangu mkononi. Hakuwepo.

Kesho yake Moataz hakuja mezani kwetu. Mchana meneja wetu akatukusanya.

"Moataz ameomba mwenyewe aondolewe katika kazi hii. Wataleta mwingine."

Fathi akaruka. "Kwa nini? Tumemkosea nini?"

"Hakusema. Ameomba tu asikae tena na timu yetu."

Macho ya wote yakanigeukia, maana mimi ndiye niliyekaa naye zaidi. Yaani mtu anaomba kuhamishwa kwa sababu yangu! Nimekuwa ugonjwa? Nikamwandikia ujumbe: "Ungeniambia usoni."

Akajibu: "Nivumilie kidogo."

Nivumilie kitu gani? Nikausoma ujumbe ule mbele na nyuma, sikuona mwanzo wala mwisho. Nikampigia mama mdogo.

"Mwambie daktari aje."

Akapiga kigelegele masikio yakaniuma. Mimi nikaenda chooni nikalia.

Ijumaa alasiri sebule yetu ya mtaa wa Shubra ilikuwa inanukia udi, mama mdogo Ilham kaja mapema kuufukiza. Daktari Wael alikuja na mama yake, suruali nyeupe, nywele zimelala vizuri. Nikaingia na sinia la glasi za karkade, sharubati nyekundu ya maua. Mtu yule hakunitazama macho. Alinitazama meno.

"Mashallah, yamepangika," akasema. "La nyuma kushoto tu tutaliangalia."

Mama yake akaitikia kwa kichwa. Mimi nikatabasamu midomo imefungwa.

Kengele ikalia. Baba akaenda kufungua, nikamsikia akichangamka.

"Karibu, karibu mwanangu! Ingia, usione haya. Wenzako wameshafika!"

Akaingia Moataz! Suti nyeusi, boksi la keki mkononi, jasho linamtiririka, maana lifti yetu haifanyi kazi tangu Ramadhani. Baba akamkalisha kwenye kochi, bega kwa bega na daktari, akamwekea glasi mkononi.

"Wewe ni nani wake daktari? Ndugu yake?"

"Da... daktari gani, ami?"

"Huyu bwana harusi!"

Moataz akamtazama daktari. Daktari akamtazama Moataz. Mimi nikabana sinia tupu kwapani. Simu yangu ikatetemeka mfukoni, ujumbe wa Shaimaa: "Nisamehe, nimempa anwani yenu. Aliniomba sana. Ila nilisahau kumwambia habari za daktari."

Shaimaa, Mungu anakuona!

"Mimi si... mimi ni..." Moataz akaanza. "Ami, mimi nimekuja... yaani ningependa..."

Akainuka, glasi ikamponyoka, karkade yote ikamwagikia suruali nyeupe ya daktari.

"Aa-aa-aa!" Mama wa daktari akapiga ukelele. "Huyu mwendawazimu katoka wapi?"

"Samahani! Samahani sana!" Moataz akachukua kitambaa cha meza afute, akavuta na chombo cha maua.

Baba akasimama, ameshika kiuno.

"Kijana. Umekuja kwa nani?"

"Kwa Radwa. Hapana, kwako. Kwako kwa ajili ya Radwa." Akaokota boksi lake la keki. "Nilikuwa nafanya naye kazi. Nikaomba waniondoe, ami, ili nikija hapa nisije nikiwa kazini. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga, mazuri kabisa, nimeyarudia njia nzima. Yote yamenitoka."

"Basi sema hata moja."

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Midomo inatetemeka, miwani imeingia ukungu wa jasho, boksi la keki kalikumbatia kama mtoto.

Mama mdogo Ilham akasonya. "Mtu hajui hata kuongea! Huyu ndiye wa kuja kuposa?"

Lakini mimi nilimwona mtu huyu siku mfumo wote wa vifurushi ulipozimika. Meneja anapiga kelele, Fathi anasoma dua, simu zinalia nchi nzima, naye kakaa ametulia, anaongea taratibu, kila neno limekaa mahali pake. Nilimwona akiwatuliza wakubwa waliokuwa tayari kupigana. Kazini hakuna neno lililowahi kumpotea, hata siku moja.

Kichwa changu, kilichokuwa kimevurugika siku zote hizo, kikatulia. Nikaweka sinia mezani.

"Anajua kuongea, mama mdogo," nikasema. "Angekuwa kazini, angeongea vizuri sana."

Moataz akaniinulia macho. Nadhani alikuwa hanioni vizuri kwa ule ukungu.

Baba akatazama kochi lake, huku daktari anakamua suruali, huku kijana anahema na keki.

"Radwa, binti yangu, nisaidie mimi mzee, nimechanganyikiwa. Watu wawili, kochi moja. Bwana harusi ni yupi?"

"Huyu anayetetemeka, baba."